Muda wa Dharura na Nguvu ya Sheria

Neno "dharura" limetoka katika Kiarabu, na asili ya maana yake ni haja isiyoepukika. Katika elimu ya sheria ya Kiislamu, dharura huhalalisha lililokatazwa, lakini kwa kadiri ya haja yenyewe tu. Haja ikiisha, ruhusa nayo hukoma. Maana hiyo yafaa ikumbukwe na kila atakaye kufahamu jinsi amri za muda ziwekwavyo wakati wa maradhi ya kuenea, na jinsi muda wake uongezwavyo.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 hutumia maneno "hali ya hatari". Kwa Ibara ya 32, Rais aweza kutangaza hali hiyo kwa sababu ya vita, na pia kwa sababu ya balaa litishialo jamii. Tangazo hukoma zikipita siku 14 bila azimio la Bunge la kulikubali. Likikubaliwa, hudumu miezi 6 tangu lilipotolewa. Nalo Bunge laweza kuongeza miezi 6 mingine, mara kwa mara, kwa kura zisizopungua theluthi mbili. Basi hapana nyongeza isiyopitia mikononi mwa wawakilishi wa watu.

Korona ilipoingia Tanzania mwezi wa Machi 2020, njia hiyo haikutumiwa. Tarehe 17 Machi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba shule zifungwe kwa siku 30. Mwezi wa Aprili muda ukaongezwa pasipo kutajwa siku ya mwisho, na tarehe 29 Juni shule zote zikawa zimeruhusiwa kufunguliwa. Amri hiyo iliwahusu watoto wa Litembo, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, sawasawa na wale wa Dar es Salaam. Tangu Aprili mzazi alimaye ngoro huko mlimani hakuwa tena na tarehe ya kuhesabia.

Kwa majirani muda ulirefuka zaidi. Uganda ilifunga shule mwezi huohuo wa Machi kwa mwezi mmoja. Hazikufunguliwa zote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Kenya iliweka kafyu tarehe 27 Machi 2020, ikaongezwa mara nyingi, ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kwamba kafyu ni halali, lakini ilikataa nguvu walizotumia polisi katika kuitekeleza.

Ni kweli kwamba maradhi hayangoji mjadala, na amri ya waziri hufika upesi kuliko azimio. Lakini upesi ni hoja ya siku za kwanza. Haiwezi kuwa hoja ya mwezi wa sita. Hapo sheria ya Bunge ina faida yake: humlazimu mwenye kutaka nyongeza aeleze haja iliyobaki, na humpa mwananchi mtu wa kumwuliza. Amri isiyotajiwa mwisho humnyima yote mawili, hata kama nia ya aliyeitoa ilikuwa njema.