Mama Mfanyabiashara, Omba Nafuu ya Ushuru kwa Haki na kwa Maandishi



Mtaji wa biashara nyingi za akina mama wa pwani hutoka jikoni na barazani. Hutoka katika karai la mahamri ya alfajiri, katika cherehani ya kushonea mabuibui, na katika zamu ya mchezo wa chama. Fedha hizo ni chache nazo zina wenyewe: karo ya watoto, kodi ya nyumba, dawa za wazee. Ndiyo maana askari wa kaunti anaposimama mlangoni na kuuliza leseni, wengi wetu huingiwa na hofu. Mmoja hufunga mlango na kujificha. Mwingine humpa mtu wa kati fedha taslimu, akaletewa karatasi isiyojulikana ilikotoka. Wiki hii tumeona tueleze njia ya tatu, iliyo halali na yenye heshima: kulipa kinachopasa, na kuomba nafuu pale sheria inaporuhusu.

Tuanze na msingi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 210, imeweka wazi kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Jambo hili lina pande mbili. Karani hana ruhusa ya kutunga ada kichwani mwake. Vilevile hana uwezo wa kukusamehe kwa mdomo. Anayekwambia umpe elfu mbili ili akuondolee deni hana cha kukuondolea, na sote tunajua jinsi Mtume wetu (s.a.w.) alivyomlaani mtoaji rushwa pamoja na mpokeaji.

Ni nani basi mwenye mamlaka? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 159, inampa waziri wa fedha wa kaunti uwezo wa kusamehe kodi au ada, mradi sheria iruhusu msamaha huo. Kila msamaha huandikwa katika kumbukumbu za umma pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hupewa taarifa. Baadhi ya kaunti zimetunga sheria maalumu ya misamaha. Nairobi ilifanya hivyo mwaka 2013. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza katika ofisi ya mapato ya kaunti ni hili: ni sheria ipi inayoruhusu nafuu, na kwa biashara za aina gani?

Hatua ya kwanza ni kujua daraja lako. Ada za leseni zimepangwa katika jedwali la Sheria ya Fedha ya kaunti, kwa aina ya biashara na ukubwa wake. Mama anayeuza viazi karai kibarazani akiandikwa kama mwenye mkahawa, atalipa ada isiyo yake mwaka baada ya mwaka. Kurekebishiwa daraja si fadhila; ni haki, na mara nyingine ndiyo nafuu kubwa kuliko zote.

Hatua ya pili ni kujisajili. Andikisha jina la biashara, na uwe na PIN ya mamlaka ya mapato. Ofisi haiwezi kumpa nafuu mtu asiyeonekana katika daftari zake. Na tunawanasihi dada zetu: biashara ikiwa ni yako, iandikishe kwa jina lako. Dini yetu imempa mwanamke haki ya kumiliki mali yake, na kuiandika si kumvunjia heshima mume wala kaka.

Hatua ya tatu ni barua. Taja jina la biashara, mahali ilipo, tarehe ilipoanza, idadi ya wafanyakazi na mauzo ya kila mwezi. Eleza unachoomba hasa: kupunguziwa ada, kusamehewa faini, au kulipa kwa awamu. Ambatisha nakala za kitambulisho, usajili na risiti za malipo ya awali. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa nawe uondoke nayo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inatufundisha kuandika madeni. Tusione uzito kuandika la kaunti.

Barua peke yake haisimamishi deni. Usikae kimya ukidhani umesamehewa. Fuatilia hadi upate jibu. Ukinyimwa, kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi.

Tusichanganye pia kodi ya kaunti na ya taifa. Nafuu ya kaunti haikuondolei kodi ya mauzo. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, kodi hiyo ni asilimia 3 kwa mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 na yasiyopita milioni 25 kwa mwaka, nayo hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Anayeuza chini ya kiwango hicho haingii humo, ila mwenye PIN bado huwasilisha ritani ya kila mwaka.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito. Nafuu isiyoandikwa katika sheria haiwezi kuombwa. Kila mwaka kaunti huandaa mswada wa fedha na kuwaita wananchi watoe maoni. Tukibaki majumbani siku hiyo, ada za mahamri yetu zitapangwa na wasiojua bei ya unga. Chama kimoja cha akina mama kikipeleka ombi la maandishi kwamba biashara ndogo ipunguziwe leseni ya mwaka wa kwanza, kitakuwa kimewafungulia njia wengi wasiojuana.

Twamwomba Allah azibariki biashara zetu, atuepushe na haramu, na atujaalie kudai haki kwa adabu. Wabillahi tawfiq.