Nani Alipie Tope? Biashara ya Kutunza Njia za Maji Tanga

Februari 2024, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga, maarufu kama Tanga UWASA, iliingia sokoni kutafuta shilingi bilioni 53.12. Chombo chake kilikuwa hatifungani ya kijani ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Mauzo yalipofungwa, fedha zilizoahidiwa zilikuwa zimefika bilioni 54.72, na Mei mwaka huohuo hatifungani hiyo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Riba ya deni hilo, mtaji wote ukiwa haujaguswa, ni kama bilioni 7.17 kwa mwaka. Italipwa na ankara za wateja wa Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga. Ankara hazitoki kama bomba halitoi maji. Maji ya jiji yanatoka bwawa la Mabayani, na bwawa hilo linalishwa na Mto Zigi unaoteremka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Kwa hiyo aliyenunua hatifungani akiwa ofisini Posta, Dar es Salaam, ajue asijue, ameweka akiba yake kwenye matuta ya mkulima wa Muheza.

UWASA wenyewe walilijua hilo kabla ya soko. Mkulima akilima mpaka ukingoni mwa mto, udongo unaondoka na mvua ya kwanza ya masika. Sehemu yake inatuama bwawani na kupunguza nafasi ya maji, na sehemu nyingine inafika kwenye mtambo, ambako dawa za kutuliza tope zinaongezwa na machujio yanaoshwa mara kwa mara. Wachimbaji wadogo wa dhahabu waliovamia Sakale, hukohuko Usambara Mashariki, na vijito vya jirani miaka ya mwanzo ya 2000 waliongeza tope hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, lakini mgambo mmoja na kitabu cha sheria hawawezi kulinda vijito vyote vya mlima, hasa pale shamba la ukingoni linapokuwa ndilo lenye rutuba.

Hapo ndipo unapoingia Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi-Zigi, au UWAMAKIZI. Ni jumuiya ya wakulima wa vijiji vya juu ya mto. Wanachama wanaacha kulima ukingoni, wanapanda miti, wanachimba matuta na kuhimizana kuhamia mazao yanayoshika udongo, viungo vikiwamo. Upande wa pili, mamlaka ya maji imekuwa ikiuchangia umoja huo, kwa hesabu kwamba tope lisilofika Mabayani ni gharama iliyookolewa mtamboni. Wafadhili nao wamepita: Wajerumani kupitia GIZ, kisha mradi wa UNDP na Mfuko wa Mazingira wa Dunia katika mabonde ya Ruvu na Zigi.

Udhaifu upo. Mradi wa mfadhili una tarehe ya mwisho, ilhali mmomonyoko hauna. Mchango wa mamlaka nao unategemea menejimenti iliyopo inavyoona. Hata hivyo, katika pwani yote ya kaskazini ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu: taasisi ya umma inawapa fedha wakazi waliojiunga pamoja ili watunze mahali maji yanapokusanyika, na mlipaji anaona faida ndani ya vitabu vyake mwenyewe.

Ukiteremka mjini, mnyororo huo wa fedha unakatika.

Tanga ni jiji lililopimwa vizuri kuliko mengi nchini. Barabara za Ngamiani zilizopewa namba zimenyooka kama mistari ya daftari, na mitaro yake mingi ilichorwa pamoja na barabara hizo. Mradi wa Miji ya Kimkakati, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2010, uliliongezea jiji lami, mitaro na dampo la kisasa la Mpirani. Sasa Tanga imo kati ya miji 45 ya mradi wa TACTIC, wenye mkopo wa dola milioni 278 kutoka benki hiyohiyo. Bandari nayo imeboreshwa kwa shilingi bilioni 429.1, na bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linaishia Chongoleani. Fedha ya kujenga, basi, si haba.

Fedha ya kuzibua ndiyo haionekani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini chupa zimebaki, na zinakutana mtaroni na vifuu vya madafu, maganda ya machungwa na mchanga wa viwanja vinavyojengwa. Kalavati likishaziba, maji yanachagua njia yao, na njia hiyo mara nyingi ni sebule ya mtu.

Ukiuliza ni kazi ya nani, majibu yanagawanyika. Tangu Julai 2017, barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala wa serikali uitwao TARURA, na mtaro wa kando ya barabara unakwenda na barabara yake. Fedha zake za matengenezo zinatoka Mfuko wa Barabara, yaani kwenye tozo ya mafuta, na bajeti ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili hiyo. Taka zilizomo ndani ya mtaro huohuo ni jukumu la halmashauri. Na lile bonde la katikati ya makazi, lisilo na barabara, ambalo masika hugeuka dimbwi na kupokea maji ya mitaa mitatu? Lita ya petroli hailihusu, na ankara ya maji hailitaji. Linabaki mikononi mwa mwenyekiti wa mtaa na wito wa msaragambo.

Vyama vya wamiliki wa nyumba vya aina ya Ulaya na Marekani havijaota mizizi hapa. Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya 2008 inawataka wenye nyumba za ghorofa kuunda chama, lakini Tanga ni jiji la nyumba za chini. Kilichopo ni vikundi: akina mama na vijana wenye makoleo, matoroli na mabuti, wanaokusanya taka kwa mkataba au kufyeka na kuzibua kwa malipo ya siku. TARURA nayo imekuwa ikivipa vikundi vya kijamii kazi ndogondogo za matengenezo, na sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu.

Halmashauri wakiulizwa watavisaidiaje vikundi hivyo, hutaja mikopo ya asilimia 10. Sheria inazitaka zitenge sehemu hiyo ya mapato yao ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ni fedha nzuri kwa mwenye cherehani au bodaboda. Kwa mzibuaji wa mtaro ni chombo kisicho chake. Mkopo hurudishwa kwa mauzo, na mtaro safi hauuziki. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya marejesho mabovu na utaratibu uliojaa mianya, kisha ikarejeshwa 2024. Kuwakopesha watu ili wafanye kazi ya umma isiyo na mnunuzi ni kuzidisha orodha ya wadaiwa sugu.

Wengine wamegawanya mzigo kwa namna tofauti. Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, Marekani, inatoza wenye majengo ada ya ubora wa maji tangu 2002, na nyumba yenye sakafu na paa pana hulipa zaidi. Chama cha wakazi kinaweza kuikabidhi kaunti matengenezo makubwa ya bwawa lao la maji ya mvua: tope, kingo, mabomba. Wao wanabaki na kufyeka nyasi na kuokota taka. Karibu zaidi, mradi wa ZUSP, uliofadhiliwa pia na Benki ya Dunia, umejenga mitaro mikubwa mjini Unguja ya kupeleka baharini maji yaliyokuwa yakituama mitaani. Huko nako swali la baada ya mkandarasi kuondoka ni lilelile: nani anashuka mtaroni na koleo kabla ya masika, na analipwa kutoka kifungu gani?

Mgawanyo wa Maryland unaelekea kuifaa Tanga kuliko ada yake, maana mlipakodi wa Makorora au Mwanzange hatapokea kwa furaha ankara nyingine. Halmashauri na TARURA zinaweza kubaki na kazi ya mashine: kuchimba tope zito, kujenga kingo, kubadilisha kalavati. Kikundi cha mtaa kipewe mkataba mdogo wa msimu, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, na kilipwe kwa kina kilichopimwa, si kwa siku zilizohesabiwa. Tope nalo lihesabiwe kuwa sehemu ya kazi mpaka lifike Mpirani. Kila mkazi ameliona likirundikwa kando ya mtaro na kurudishwa ndani na mvua inayofuata, huku malipo yameshatoka.

Mvua za masika huanza Machi, na bajeti za halmashauri hupitishwa katika robo hiyohiyo kwa ajili ya mwaka unaoanza Julai. Diwani atakayekaa na kitabu cha bajeti aanze kwa kutafuta mstari mmoja: malipo ya vikundi vya kutunza mitaro na mabonde. Kama haupo, mtaa wake utaendelea kulipa kwa magodoro yaliyolowa.