Bwegera: Macho ya wazee yakizimika katikati, matone ya sokoni hayafiki penye ugonjwa

Kule Bwegera, kama katika vijiji vingi vya bonde la Ruzizi kwenye barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Uvira na Bukavu, mtu akianza kuona vibaya haanzii kwa munganga wa macho. Anaanzia kwa muuza dawa. Anaeleza kwamba anaona ukungu, na anarudi nyumbani na kichupa cha matone. Mara nyingi ndani ya kichupa kama hicho kuna deksametazoni, dawa ya jamii ya kortizoni. Kazi yake ni kutuliza uvimbe na mwako wa mwili, ule wanganga wanaita inflamasio.

Kwa watu wenye miaka 50 na zaidi kuna ugonjwa mmoja ambao njia hiyo inawapotezea wakati usiorudi. Wanganga wanauandika kwa herufi nne za Kifaransa, DMLA: ni kuharibika kwa makula kunakokuja na uzee. Makula ni sehemu ndogo sana katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ndiyo tunayotumia kusoma, kutia uzi kwenye sindano, kuchagua mawe ndani ya mchele na kutambua uso wa mtu.

Makula ikiharibika, vitu vya pembeni vinaendelea kuonekana, lakini katikati panakuwa na doa. Mzee bado anafika shambani bila kujikwaa, lakini anapishana njiani na mtoto wa ndugu yake bila kumsalimia, mpaka asikie sauti. Majirani wanasema amekuwa na kiburi. Nyumbani wanasema ni uzee tu, ao wanasema ni katarakta, yaani mtoto wa jicho. Tofauti si ndogo. Katarakta ni lenzi ya mbele iliyopoteza mwangaza wake, na upasuaji unaweza kuirudishia jicho nguvu ya kuona. DMLA iko nyuma kabisa, na seli zilizokwisha kufa pale hazirudi.

Walinzi wanaogeuka

Jicho lenye DMLA halina wekundu, halitoi machozi, haliumi. Kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba nalo lina inflamasio. Lakini ipo, ya polepole, ya miaka mingi.

Seli za retina zinafanya kazi bila kupumzika na zinatoa takataka kila siku. Kwa kijana takataka hizo zinasafishwa. Kwa mzee zinaanza kurundikana chini ya retina na kufanya madoa ya rangi ya manjano yanayoitwa druseni. Kinga ya mwili inayaona madoa hayo kama adui. Inatuma seli zake za kula uchafu, na inawasha komplementi, kundi la protini za damu ambazo kazi yake ni kutia alama mikrobe na kuzitoboa. Katika malaria ao kidonda, walinzi hao wanatuokoa. Chini ya retina hakuna mikrobe ya kuua, kwa hiyo wanaoumia ni wenye nyumba.

Mwili una breki ya kuzuia komplementi isivuke mipaka: protini inayoitwa faktori H. Mwaka 2005, makundi matatu ya watafiti wa Marekani yalitangaza katika toleo moja la gazeti la Science kwamba watu waliozaliwa na aina fulani ya faktori H wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata DMLA. Tangu hapo ugonjwa huu haukuhesabiwa tena kuwa kuchakaa tu kwa jicho. Kinga ya mwili iliingia katikati ya maelezo yake.

Mtu angefikiri basi kwamba dawa ya kutuliza inflamasio ndiyo jibu. Imejaribiwa, na si kwa matone tu. Australia, wanganga walidunga kortizoni ndani kabisa ya jicho la wagonjwa wa DMLA. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja dawa haikuwazuia kupoteza macho, lakini ilipandisha presha ya ndani ya jicho. Kama sindano iliyofika mlangoni mwa retina ilishindwa, matone yanayowekwa juu ya jicho hayana nafasi.

Kortizoni si sumu yenyewe, na Kongo inajua hivyo. Kule Kikwit, baada ya Ebola ya mwaka 1995, wanganga walipata watu 4 waliopona ambao macho yao yalishikwa na inflamasio ya ndani: maumivu, machozi, kuogopa mwanga, kuona vibaya. Walitibiwa kwa matone ya atropini na kortizoni, na wote wakapata nafuu. Ni kwamba kule inflamasio ilikuwa ya aina nyingine, na munganga alikuwa ameangalia ndani ya jicho kabla ya kuandika dawa.

Anayejitibu mwenyewe kwa miezi anaingia hatari mbili. Karibu mtu mmoja kati ya watatu, matone ya kortizoni yanampandishia presha ya jicho. Presha hiyo ikikaa juu inaua mshipa wa kuona, na hiyo ni glokoma, ambayo nayo haina maumivu mpaka imechelewa. Tena kortizoni ya muda mrefu inaleta katarakta. (Yule ambaye munganga wa macho ndiye aliyemwandikia asiiache ghafula, arudi kwake.)

Sindano ipo, lakini bei na barabara

DMLA ina sura mbili. Ile kavu inaenda polepole. Ile yenye maji inakuja haraka: mishipa mipya ya damu inaota chini ya retina, inavuja, na katikati ya jicho panaweza kuzimika kwa majuma machache. Hii ya pili inatibika kwa sindano zinazopigwa ndani ya jicho, tena na tena, mara nyingi kila mwezi mwanzoni. Mwaka 2011, utafiti mkubwa wa Marekani ulilinganisha dawa mbili: ranibizumabu, iliyokuwa karibu dola 2.000 kwa sindano moja, na bevasizumabu, karibu dola 50. Zilisaidia macho sawasawa. Shirika la Afya Duniani liliiweka bevasizumabu kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka 2013. Dola 50 kila mwezi ni mzigo mzito kwa mlimaji wa Bwegera, bila kuhesabu safari ya mji mkubwa na barabara ambayo vita inaifunga bila taarifa.

Kwa ile kavu, Marekani ilikubali mwaka 2023 dawa mbili za kwanza zinazofunga komplementi. Zinapunguza mwendo wa ugonjwa tu, hazirudishi macho, na moja kati yazo, pegsetakoplani, imeleta kwa wagonjwa wachache inflamasio kali ya mishipa ya retina. Wakaguzi wa dawa wa Ulaya waliikataa hiyo mwaka 2024, kwa kuwa hawakuona kwamba wagonjwa wanafaidika katika maisha yao ya kila siku. Kwa hiyo mwenye jamaa Ulaya ao Marekani asimwombe amtumie.

Zamani ilisemwa kwamba DMLA ni ugonjwa wa wazungu. Kweli hatua zake za mwisho zinaonekana zaidi kwao. Lakini utafiti wa Nakuru, Kenya, wa mwaka 2007 na 2008, ulioongozwa na Dkt. Wanjiku Mathenge, ulikuta hatua za mwanzo kwa asilimia 11,2 ya watu wenye miaka 50 na zaidi, na hatua za mwisho kwa asilimia 1,2.

Kinachoweza kufanywa Bwegera leo ni kuacha tumbaku, ambayo inaongeza hatari kuliko tabia nyingine yoyote inayojulikana. Mboga za majani mabichi, lengalenga, matembele, sombe, zina luteini, kitu ambacho makula yenyewe inajiwekea akiba. Hazitibu, lakini ni chakula cha jicho, na ziko shambani.

Kujipima hakuhitaji franga. Mtu avae miwani yake ya kusomea kama anayo, afunike jicho moja kwa kiganja, aangalie kitu chenye mistari iliyonyooka: nondo za dirisha, fremu ya mlango, mistari ya daftari la mtoto. Kisha abadilishe jicho, kwa maana jicho zima linaficha ubaya wa lile lingine. Mistari ikipinda, ao kipande cha katikati kikikosekana, aende hospitali yenye munganga wa macho juma lile lile, aombe apimwe nyuma ya jicho. Atatiwa matone ya kupanua mboni, na ataona ukungu kwa masaa machache, basi asiendeshe pikipiki mwenyewe wakati wa kurudi. Kichupa alichokuwa anatumia, akibebe amwonyeshe munganga.