Jane na Hugo wa Gombe

Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, Julai 1960 kuchunguza sokwe mtu, akiwa na mama yake na mpishi. Miaka miwili baadaye alifuata Hugo van Lawick, Mholanzi mzaliwa wa Indonesia, akiwa ametumwa kupiga picha. Walifunga ndoa London mwaka 1964, na juu ya keki ya harusi alikaa sokwe wa kufinyangwa.

Maisha yao hayakufanana na ya wanandoa wengi wa Kizungu wa wakati ule. Mke ndiye aliyeongoza utafiti. Mume alimfuata na kamera, na pengine bila picha zake walimwengu wangechelewa kuamini kwamba sokwe hutengeneza zana za kuvulia mchwa. Mwaka 1966 waliandika pamoja kuhusu tumbusi wa Serengeti wanaopasua mayai ya mbuni kwa mawe. Mtoto wao wa kiume, aliyezaliwa 1967, alipokuwa mdogo walimlinda ndani ya kizimba, kwa kuwa sokwe huwinda nyani wadogo na mtoto wa binadamu naye angeweza kudhuriwa.

Kazi iliwaunganisha, kazi ikawatenga: Hugo alivutwa na Serengeti, Jane hakutaka kuiacha Gombe. Waliachana mwaka 1974, lakini urafiki haukuvunjika. Hugo alifariki dunia Tanzania mwaka 2002, naye Jane akafariki mwaka 2025. Filamu alizopiga Hugo enzi zile ndizo zilizotumika kutengenezea filamu ya *Jane* ya 2017.