Kozi Fupi ya Picha Ilivyompa Binti Yetu Ujuzi na Ujasiri kule Meru

Leo nawapandisha bara kidogo, hadi Meru na Embu, kwa sababu kuna jambo huko limenifunza, na naona litawafaa vijana wetu wa Pwani.

Binti ya dada yangu aliolewa Meru miaka michache iliyopita. Tangu utotoni anapenda picha. Siku moja familia ya Kiislamu ya Embu ilimwomba awapigie picha za harusi upande wa wanawake, maana hawakutaka mwanamume aingie na kamera pale wanapovua buibui. Akaazima kamera, akaenda. Picha zilipotoka, nguo nyeupe zilikuwa rangi ya jivu, nyuso zimeingia giza, na nyingi za zile za ndani usiku zilikuwa na ukungu. Wenyewe wakamsitiri, wakalipa bila kusema neno.

Miezi mitatu baadaye, bibi yake bi harusi akafariki dunia. Familia ikapiga simu kuuliza kama ipo picha ya bibi ya siku ile. Ilikuwepo moja tu. Ameketi mkekani, anacheka, na uso wote umetikisika, hautambulikani.

"Mjomba," akaniambia kwenye simu, "kamera nimemrudishia mwenyewe. Sishiki tena."

Nilimjibu kwamba kosa si la kushika kamera, kosa ni kushika bila kufundishwa. Sisi Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baada ya kunung'unika wiki kadhaa, akajiandikisha kozi ya wiki sita mjini Meru, kila Jumamosi na Jumapili. Nayaeleza hapa aliyoyapata, ili mzazi au kijana anayefikiria kozi kama hiyo ajue analipia nini.

Kwanza, alifunzwa kwamba picha ni mwanga, na kamera ina njia tatu za kuupima. Ya kwanza ni tundu la lenzi, ambalo hupanuka na kubana kama mboni ya jicho. Ya pili ni muda ambao kamera hufunguka. Ya tatu ni ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Chumbani usiku, kamera iliyoachiwa ijiamulie yenyewe huenda ikafunguka kwa sehemu 1 ya 15 ya sekunde. Huo ni muda mrefu. Mtu akicheka au akigeuka, picha hutikisika. Dawa yake ni kuharakisha muda huo hadi kama sehemu 1 ya 125, kupanua tundu, na kupandisha ISO hadi 1600 au 3200. Picha itakuwa na chengachenga kidogo, lakini uso utaonekana. Picha iliyoingia giza kidogo huweza kuangazwa baadaye kwenye kompyuta. Iliyotikisika haina tiba. Aliposikia hayo darasani, aliniambia, alimkumbuka yule bibi.

Pili, akaelewa kwa nini kanzu zilikuwa kama jivu. Kipimo cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kati, si cheupe wala cheusi. Ukielekeza kamera kwenye safu ya wanaume waliovaa kanzu, yenyewe huona mwanga umezidi, ikaupunguza. Ukielekeza kwenye kundi la wanawake wenye mabuibui, huona mwanga haba, ikauongeza, na weusi ukapauka. Basi kwenye kanzu mpiga picha huongeza mwanga, na kwenye buibui hupunguza, kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Nani kati yetu angedhani? Ni jambo la kufundishwa kwa nusu saa, ila mtu anaweza kuhangaika nalo miaka mitatu akiwa peke yake.

Tatu ni kuijua hewa ya mahali. Meru iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Saa sita mchana, jua liko karibu na utosi, na kivuli cha paji la uso hujaza macho weusi. Kwa hiyo maarusi hutafutiwa kivuli cha mti au baraza, au picha zao zingoje alasiri. Faida ya ikweta ni kwamba jua huchwa karibu saa ileile mwaka mzima, kwenye saa kumi na mbili na nusu, hivyo unaweza kupanga kazi yako bila kubahatisha. Na katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, mawingu ya Mlima Kenya hutanda Embu na Meru. Wengi huyalalamikia. Mpiga picha huyashukuru, kwa kuwa wingu hulainisha mwanga na nyuso zikapendeza.

Huo ndio ujuzi. Sasa ujasiri unatoka wapi? Hautoki kwenye cheti. Mwalimu wao aliwapa kazi: kila mwanafunzi alete picha kumi za mtu mmoja akiwa kazini. Binti yetu akaenda soko la Gakoromone, yeye na mtandio wake, Kimeru hajui zaidi ya salamu. Wa kwanza akamkatalia. Wa pili akamfukuza. Wa tatu, mama muuza ndizi, akamuuliza, "Za nini?" Akaeleza ukweli: anajifunza, hatazisambaza, na ataleta nakala. Mama akakubali. Jumapili iliyofuata picha zikabandikwa ukutani darasani, wenzake wakazikosoa moja moja mbele yake. Sita zikaonekana hazifai, nne zikasifiwa. Akarudi sokoni na nakala kama alivyoahidi, na yule mama akawaita majirani zake nao wapigwe.

Mtu aliyekataliwa mara mbili asubuhi, akakosolewa mbele ya watu, na bado akarudi na kazi yake, huyo amejengeka. Ndiyo maana naona kozi ya darasani, hata iwe fupi, inazidi video za kwenye simu. Video haikuambii kwamba picha yako ni mbaya, wala haikutumi sokoni.

Wala ufundi huu si mgeni kwetu. Studio ya Parekh mjini Mombasa na ya Bakor kule Lamu ziliwahifadhia wazee wetu sura zao. Mohamed Amin, Mkenya Mwislamu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na kamera ndogo ya Box Brownie akiwa mwanafunzi. Mwaka 1963 akafungua kampuni yake ya Camerapix, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikaifanya dunia nzima ichangie. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, na hakuacha kazi hadi alipofariki kwenye ndege iliyotekwa na kuanguka Comoro mwaka 1996. Kozi ya wiki sita haimfanyi mtu kuwa Mohamed Amin. Inamwonyesha mlango ulipo.

Kabla hujalipa, uliza maswali manne. Kamera ni ngapi kwa wanafunzi wangapi? Zikiwa mbili kwa watu thelathini, ondoka. Saa ngapi ni za kutoka nje kupiga? Zisipungue nusu ya masomo. Nani anakosoa kazi, na mara ngapi? Na mwalimu mwenyewe anaishi kwa kazi hii, au anaisoma tu vitabuni? Usikimbilie kununua kamera mpya. Jifunze kwanza, uazime au ukodi, halafu ununue iliyotumika.

Iko na amana pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu kuwa data yake binafsi, na ya mtoto yataka idhini ya mzazi. Mwaka 2023 ofisi inayosimamia sheria hiyo ilitoza shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwetu sisi amana hiyo ina uzito mara mbili. Mwanamke aliyepigwa picha bila mtandio harusini amekukabidhi sitara yake. Binti yetu huweka picha hizo kwenye kadi, humkabidhi mwenyewe mkononi, kisha hufuta nakala zake mbele yake. Najua masheikh wametofautiana kuhusu picha, na kila mtu amuulize sheikh wake. Lakini maadamu harusi zetu hupigwa picha, ni bora kazi ya upande wa wanawake ifanywe na mwanamke mwenye ujuzi na hofu ya Mungu. Kazi hiyo ipo, Meru, Embu, Mombasa na Malindi, na wanaoiweza ni wachache.

Alipomaliza kozi, alirudi kwa ile familia ya Embu, akawaomba radhi, akawapiga picha za familia nzima bila malipo. Ile ya bibi haikuweza kurekebishwa, na wamempa msamaha wao. Siku hizi anaitwa harusi moja au mbili kwa mwezi. Nilimuuliza ni nini hasa kimebadilika.

"Mjomba, zamani nilikuwa nikifika namkimbilia bi harusi," akasema. "Siku hizi natafuta kwanza wazee walioketi pembeni. Nawapiga hao kabla ya mwanga kupungua, ndipo namwendea bi harusi."