Kijana Akigongwa Kichwani: Askari wa Mwili Wanafanya Nini?



Hebu tuanze na jambo ambalo wengi wetu tumeliona. Vijana wanacheza mpira. Wawili wanarukia mpira wa juu, vichwa vinagongana, mmoja anaanguka. Anamwagiwa maji, anaulizwa, "Uko sawa?" Kwa kuwa hataki kutolewa nje, anajibu, "Niko sawa tu." Watu wanapiga makofi, naye anarudi uwanjani. Sisi pia tumewahi kupiga makofi hayo. Leo tunaeleza kwa nini hatutapiga tena.

Ubongo ni laini, nao umo ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikipigwa, ubongo hutikisika. Huu ndio mtikisiko wa ubongo. Usidhani ni lazima mtu azimie. Wengi hawazimii kabisa. Wala hakuna damu ya kuonekana, na hata picha ya CT hospitalini mara nyingi haionyeshi kitu.

Lakini ndani mna shughuli. Katika semina za UKIMWI tulijifunza kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Kumbe ubongo nao una askari wake wa kudumu, waitwao maikroglia. Ubongo ukitikisika, hao huamka, husafisha takataka na kuita wenzao walio katika damu. Kazi hiyo ni njema, lakini ikizidi au ikichukua muda mrefu huumiza hata chembe nzima. Ni kama wanakijiji wanaozima moto: wanasaidia, lakini wakikanyaga ovyo wanaharibu shamba.

Kwa sababu hiyo wanasayansi wanachunguza damu. Ubongo ukiumia, protini zake huvuja na kuingia katika damu. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliidhinisha kipimo cha protini mbili za namna hiyo. Kilikuwa cha watu wazima, damu ikitolewa ndani ya saa 12, ili kusaidia daktari kuamua nani apigwe picha ya CT. Kwa vijana, uchunguzi wa chembe nyeupe na protini hizo unaendelea. Basi sisi wa kijijini tusingoje kipimo. Macho yetu ndiyo kipimo cha kwanza.

Tufanye hivi:

1. Kijana akishukiwa tu, atolewe, asirudi kucheza siku hiyo hata akisema amepona. Akigongwa tena kabla ya kupona, ubongo unaweza kuvimba akafa. Katika jimbo la Washington, Marekani, jambo hili liliwekwa kuwa sheria mwaka 2009.

2. Asiachwe peke yake. Anaweza kulala, ila mtu mzima awe karibu na kumwangalia usiku.

3. Apumzike siku moja au mbili. Kutembea polepole si vibaya. Kisha arudi shuleni kidogo kidogo, na mpira uje mwisho, baada ya mhudumu wa afya kukubali. Vijana wengi hupona ndani ya wiki nne.

4. Apelekwe hospitali mara moja akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, akichanganyikiwa, akilegea upande mmoja, asipoamka vizuri, au mboni za macho zisipolingana. Shingo ikimuuma, msimwinue ovyo. Ishikeni isitikisike mpaka msaada ufike.

Si mpira peke yake. Kuna kuanguka kutoka kwenye mwembe, na kuna bodaboda. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu hauonekani kwa macho, ndiyo maana twahitaji kuujua mapema.

Ya kujadili kikundini:

- Je, ni nani katika timu yetu mwenye ruhusa ya kumtoa mchezaji, hata kama kocha na mashabiki wanakataa?
- Usiku, gari la kumpeleka mgonjwa hospitali tutalipata kwa nani, na nauli itatoka mfuko gani?