Henderson na Ndui: Kutoka Geneva hadi Marka

Donald Ainslie Henderson, daktari Mmarekani aliyezaliwa Lakewood, Ohio, mwaka 1928, aliongoza mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Geneva, wa kutokomeza ndui kuanzia 1966 hadi 1977. Ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza alijifunza Atlanta, chini ya Alexander Langmuir.

Mwaka 1967 ndui ilikadiriwa kushika watu milioni 10 hadi 15. Aina yake kali iliua takriban 3 kati ya kila wagonjwa 10, na walionusurika walibaki na makovu usoni, baadhi wakapofuka. Hata hivyo, virusi vyake viliishi kwa binadamu tu, upele haukufichika, na aliyepona hakuugua tena. Ugonjwa wa namna hiyo unaweza kumalizwa kabisa.

Lengo la awali lilikuwa kuchanja asilimia 80 ya watu. Lakini katika maeneo yenye msongamano, waliosalia walitosha kuuendeleza ugonjwa. Mashariki mwa Nigeria, mwishoni mwa 1966, daktari William Foege alipungukiwa na chanjo, akawachanja waliokuwa karibu na wagonjwa, na mlipuko ukakatika. Henderson, ambaye tangu mwanzo alidai taarifa za wagonjwa na si hesabu za waliochanjwa tu, aliufanya utaratibu huo kuwa uti wa mgongo wa kazi. Huo ndio uamuzi wake mkubwa kuliko yote.

Kifaa cha kuchanjia kilikuwa sindano fupi ya chuma yenye ncha mbili kama uma. Tone la chanjo lilinaswa katikati ya ncha hizo, kisha mchanjaji akadunga ngozi ya mkono mara 15 harakaharaka mpaka damu ikachomoza kidogo. Ilitumia takriban robo ya chanjo iliyohitajika awali, na hata asiyejua kusoma aliimudu baada ya mafunzo mafupi.

Pembe ya Afrika ndiyo iliyosalia mwisho. Mwaka 1977 Somalia ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 3,000, wengi wao wafugaji wa kuhamahama, na ndui ilivuka mpaka hadi Kenya kabla ya kuzimwa. Marka, mji wa bandari, upo katika pwani moja na Mombasa. Ugonjwa ungeweza kushuka kwa barabara au kwa bahari hadi Kilindini na Mbaraki, huko Mombasa. Mwezi Oktoba, mpishi wa hospitali ya Marka, Ali Maow Maalin, alipanda gari lililobeba wagonjwa wawili ili kulionyesha njia. Alipougua alidhaniwa kwanza ana malaria, kisha tetekuwanga. Ilipobainika ni ndui, watu 161 waliokutana naye walitafutwa, na zaidi ya 54,000 wakachanjwa katika muda wa wiki mbili. Hakuna aliyeambukizwa naye. Akawa mgonjwa wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Baadaye alifanya kampeni dhidi ya polio hadi alipofariki mwaka 2013.

Henderson alikuwa amekwisha kumwachia Isao Arita uongozi na kwenda kuwa mkuu wa kitivo cha afya ya umma, Johns Hopkins. Baada ya miaka miwili ya msako, tarehe 26 Oktoba 1979, ilitangazwa jijini Nairobi kwamba Pembe ya Afrika haina ndui. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukathibitisha hivyo kwa dunia nzima. Hadi kifo chake mwaka 2016, Henderson alitetea kuteketezwa kwa virusi vilivyohifadhiwa katika maabara mbili, moja Marekani na nyingine Urusi.